Kodi Inayofuata Giza

"Mwalimu, unatuharibia mtaa."

Mzee aliyasema hayo akiwa bado amesimama, fimbo mkononi, kabla sijamkaribisha kiti. Ilikuwa jioni, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili kibarazani. Ana nyumba tatu za kupangisha hapa Gungu, Kigoma, na ya kwanza ilipauliwa kabla mimi sijaanza shule, kwa hiyo akiingia uani kwangu na fimbo ile huwa nainuka. Nikamwamkia, nikavuta kiti, nikamtuma mtoto alete maji. Akanywa taratibu. Halafu akarudia palepale: nimempa mtu chumba kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, habari zimewafikia wapangaji wake, na sasa wanamuuliza kwa nini wao watoe miezi sita kwa mpigo.

Mtu mwenyewe ni mama mmoja anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Aliletwa na dalali kuona chumba cha mwisho kushoto. Akafungua dirisha na kulifunga, akabonyeza plasta kwa kidole gumba, akauliza maji hutoka siku zipi. Dalali akamsomea masharti: elfu arobaini kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali.

Mama hakubishana na bei.

"Mwalimu," akaniambia mimi, si dalali, "hela yangu mimi inakuja na giza. Giza likiisha, kabla mwezi haujakaa sawasawa, nitakuletea arobaini yako. Ukinigongea mlango mbalamwezi imewaka, utanikuta sina hata ya chumvi."

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Nikampa ufunguo. Dalali alinuna hadi nilipomlipa mwezi wake mwenyewe, kutoka mfukoni mwangu.

Tangu jioni ile ya Mzee nimekuwa nikiligeuza neno lake. Angekuwa mtu wa maneno tu ningelipuuza. Ila Mzee ameishi na wapangaji muda mrefu kuliko nilivyoishi mimi duniani.

## Nani anamkopesha nani

Ukiwauliza wenye nyumba kwa nini wanataka miezi sita, watakwambia ni kuepuka usumbufu. Kweli ipo. Hakuna anayependa kusimama mlangoni kwa mtu kila mwisho wa mwezi akijisafisha koo.

Lakini sababu kubwa zaidi ni saruji.

Mimi nilinunua kiwanja kikiwa na boma lililofika lenta, shilingi milioni nane, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Kulipaua, kuligawa vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, kuchimba choo na kuweka bafu uani kulikula milioni kumi na moja nyingine. Vyumba vyote vikijaa napata laki mbili na arobaini kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: ni miaka sita na ushee kurudisha hela, kama hakuna chumba kitakachokaa wazi, hakuna bati litakaloezuliwa, na benki haidai riba. Benki inadai.

Katika hali hiyo, mpangaji anayekuja na miezi sita mkononi ni mkombozi. Wapangaji wanne wa mwanzo walinikabidhi jumla ya laki tisa na elfu sitini nikiwa sina grili hata dirisha moja. Hela ikaenda kwenye nondo siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye nyumba ilikuwa na watu, ilikuwa na madirisha salama, na haikuwa na senti.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili kwa jicho jingine. Kodi ya miezi sita ni mkopo. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba, bila riba, na mwenye nyumba ndiye anayetoa masharti na kukunja uso. Mwezi wa nne shimo la choo likititia, yule aliyekopesha anaambiwa avumilie, "hela bado haijapatikana".

Sasa mtazame mama wa dagaa. Laki mbili na arobaini, na arobaini ya dalali juu yake, si kwamba hawezi kuzishika. Huzishika mara nyingi. Lakini ndizo anazoteremka nazo mwaloni alfajiri kununua dagaa wabichi, kuwaanika kwenye vichanja, kuwauza wakikauka, kisha kurudi tena mwaloni giza halijaisha. Fedha ile inazunguka. Akiiweka kwenye ukuta wangu, atakuwa na chumba cha kulala na hana kazi ya kuamkia. Niliwahi kudhani mtu asiyeweza kutoa miezi sita ni mtu asiye na hela. Siku hizi naona wengine ni watu ambao hela yao ina kazi kuliko yangu.

Na mimi je? Chumba kile kilikaa wazi miezi miwili kikimsubiri mwenye miezi sita. Elfu themanini zimepotea, na hakuna mwenye nyumba anayeziandika kwa sababu hakuna aliyezichukua mkononi.

## Mwaka ziwa lilipofungwa

Hapa ndipo mawazo yangu yalipopinda, na ninataka nisipite haraka.

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumue na kuzaliana. Kuhusu ziwa lenyewe sina ubishi. Ninachokikumbuka ni korido yangu.

Chumba cha pili alikuwamo kijana wa mitumbwi ya dagaa aliyekuwa amelipa miezi sita mwezi Aprili. Alilala usingizi. Alikula kwa shida kama wenzake, akashuka bandarini kubeba mizigo, lakini kuhusu kulala hakuna aliyemuuliza. Chumba cha tano alikuwamo mwenzake tuliyekubaliana miezi mitatu mitatu, na yake iliisha Juni. Akafunga mlango, godoro likiwa ndani, akaenda kwao Kasulu kulima. Alinipigia simu: "Mwalimu, usinitolee vitu, nitarudi ziwa likifunguliwa."

Sikumtolea. Lakini chumba kilikuwa kimefungwa, hakina kodi, na makato ya benki hayakujua kuwa ziwa limefungwa.

Kwa hiyo ukinisikia nasema miezi sita ni mkopo wa dhuluma, ujue namjua kijana ambaye miezi sita hiyo ilimsitiri. Kulipa mbele ni kujinunulia utulivu. Swali likabaki: je, yule anayelipa giza kwa giza, ziwa likifungwa tena, atasitiriwa na nini? Na mimi nitasitiriwa na nini?

Nilikwenda nalo swali hilo kwa mama mwenyewe. Nilimkuta uani anachambua, ungo mapajani, vidole vinakwenda kama vya mtu anayesuka. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Weka arobaini na tano. Tano si yako. Ni ya siku ziwa litakapofungwa."

Sikuwa nimeliwaza. Elfu tano kila giza, kwa magiza kumi na mawili ni elfu sitini, kodi ya mwezi mmoja na nusu. Haitoshi kwa miezi mitatu ya kufungwa, ila inatosha mtu asikimbie usiku.

## Mita moja, milango sita

Niseme kidogo kuhusu umeme, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga haupo kwenye kodi. Upo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia.

Nyumba yangu ilianza na mita moja. Watu sita wanachanga, mmoja ananunua, namba zinaingizwa, halafu uniti zinaisha Jumanne na kila mtu anamtazama mwenye friji. Chumba cha kwanza ana friji, anauza barafu na juisi ya ukwaju. Chumba cha sita ana taa moja na chaja ya simu. Wakichanga sawa, mwenye taa anagandisha barafu ya mwenzake.

Hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni bei yenyewe ya umeme. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo. Mtumiaji wa kawaida hutozwa 292. Watu sita wenye taa na redio, kila mmoja peke yake, asingefika hata nusu ya hizo 75. Wakiwekwa kwenye mita moja wanahesabiwa kuwa mtu mmoja mkubwa, na wote wanalipa karibu mara tatu. Mwenye nyumba anaokoa gharama ya kuunganisha mita, ambayo mjini ni zaidi ya laki tatu hata pasipohitajika nguzo, na wapangaji ndio wanaoilipa kwa vipande, mwezi hadi mwezi, bila kujua.

Niliweka kwanza mita ndogo za ndani, zile za fundi waya, ili kila mtu aone anachotumia. Ugomvi ukapungua. Bei haikupungua, kwa sababu kwa shirika la umeme bado sisi ni mita moja. Nimeshaomba ya pili, ili mwenye friji na biashara yake wakae peke yao.

Kuna na kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mwenye kudaiwa ni mwenye jengo. Anayekatwa ni yeyote aliyenunua umeme wa kwanza mwezi huo, na mara nyingi ni mpangaji. Elfu kumi na nane kwa mwaka si hela ya kugombania, lakini mpangaji akiona hujairudisha anakuwekea alama moyoni. Mimi naikata kwenye kodi ya aliyenunua, na naiandika kwenye daftari mbele yake.

## Mkataba wa Mzee ni mlango

Nilirudi kwa Mzee, safari hii mimi ndiye niliyekwenda kwake. Nilitaka kusikia hofu yake yenyewe, si lawama.

Akanipa kisa. Aliwahi kumwonea huruma mpangaji mmoja, fundi cherehani, mtu wa swala tano na heshima zake. Akamruhusu alipe mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu akaomba siku, wa nne akaomba tena, wa tano alfajiri moja cherehani haipo, mtu hayupo, na watu wa bandarini wanasema alionekana akipanda boti ya Kalemie. "Sasa mwanangu," Mzee akaniuliza, "nimfuate Kongo kwa elfu arobaini?"

Baada ya hapo, Mzee hana mkataba wa karatasi na mtu. Asiyelipa anang'olewa mlango. Mlango unawekwa stoo kwake mpaka kodi ipatikane. "Mkataba wangu ni mlango."

Sikucheka. Najua wenye nyumba wengi wanaofanya hivyo, na wengine hung'oa bati. Najua pia kwamba mama mwenye watoto wanaolala chumba kisicho na mlango si deni linalodaiwa tena, ni jambo jingine kabisa. Lakini ukiwa upande wa Mzee unaelewa limetoka wapi. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi na makubaliano ya watu wawili. Mkigombana mnaanzia kwenye baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halina tena mamlaka ya kuamua. Msipoelewana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la elfu themanini, nauli na siku za kufunga duka zinalimaliza deni lenyewe. Mtu anatazama njia hiyo yote, anatazama mlango wake, anachukua bisibisi.

Ninachotofautiana na Mzee ni kimoja tu. Fundi cherehani wake hakukimbia kwa sababu alilipa mwezi kwa mwezi. Alikimbia kwa sababu mwezi wa tatu aliomba siku, na hakuna aliyekaa naye kumuuliza siku ngapi na kwa nini. Deni la mwezi mmoja linazungumzika. Deni la miezi miwili linaonewa aibu. Likifika la tatu, mtu anaanza kuulizia boti.

Kwa hiyo kulipa kidogokidogo kunamtaka mwenye nyumba awepo. Mwenye nyumba anayeishi Dar, anayesimamiwa na mpwa asiyepokea simu, achukue miezi sita yake, simlaumu. Mimi naishi hatua chache kutoka kwenye nyumba yangu. Kila jioni napita nikirudi kazini. Ukaribu huo ni mtaji, na ilikuwa ajabu nilivyokuwa siutumii.

## Tarehe kumi na mbili

Tulikwenda na mama kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana. Mtendaji alikuwa na fomu yake ya mkataba, nafasi ya tarehe ya kulipa ikiwa tupu.

"Tarehe ngapi?"

Tukatazamana. Giza halina tarehe kwenye kalenda ya serikali. Mwezi huu linaishia tarehe fulani, mwezi ujao limesogea nyuma. Ukimwandikia tarehe tano, kuna mwezi tarehe tano itamkuta na fedha na kuna mwezi itamkuta katikati ya mbalamwezi, mitumbwi imepumzika na vichanja vitupu. Utamwita mdaiwa sugu, kumbe hajachelewa.

Mwenyekiti, mtu wa Ujiji, ndiye aliyetukwamua. Akachomoa kalenda ya msikiti kwenye droo. Miezi ya Kiislamu inakwenda na mwandamo, mwezi unapevuka kumi na nne au kumi na tano. Tukaandika: kila tarehe kumi na mbili ya mwezi mwandamo. Mtendaji akacheka, akagonga muhuri. Mimi na mama wote ni Wakristo. Nimenunua kalenda hiyo eneo la Mwanga, ipo ukutani juu ya daftari la wapangaji.

Kuna faida ndogo humo. Mwezi mwandamo ni siku ishirini na tisa na nusu hivi, kwa hiyo katika miaka mitatu kunakuwa na magiza thelathini na saba, si thelathini na sita. Nilimwambia mama kuwa giza lile moja la ziada sitalidai. Akasema nisitangulie kujisifu, kwanza tufike hiyo miaka mitatu.

Vifungu vingine ni vya kawaida: akiba ya elfu tano inaandikwa pembeni na kusainiwa na wote wawili. Haiguswi kwa rangi wala kwa choo. Inatumika ziwa likifungwa au mvua ikiharibu anika yote, na akihama anarudishiwa. Akikosa giza moja tunakaa chini kabla ya giza la pili kuisha. Hicho cha mwisho nilikiandika nikimfikiria fundi cherehani.

## Anayelipa mbele

Kama Mzee alivyotabiri, wengine wakaja. Mlinzi wa chumba cha tatu, mwenye mshahara wa tarehe ishirini na tano, akaomba na yeye alipe kwa mwezi. Nimekubali, kwa akiba ileile. Nesi wa chumba cha nne hakutaka. Anapenda miezi sita, alipe asahau.

Hapo nikajiuliza: kama kweli naamini miezi sita ni mkopo, mbona nesi ananikopesha bure? Nimemshushia hadi elfu thelathini na nane. Kwa miezi sita ni punguzo la elfu kumi na mbili. Hiyo ndiyo riba ninayomlipa kwa mkopo wake.

Mzee nilipompa habari hiyo alitikisa kichwa kuliko siku ya kwanza. Kumpa mtu mwezi kwa mwezi aliweza kuuita huruma. Kumpunguzia mtu ambaye hakuomba, hilo kwake ni kutupa hela barabarani. Tumebishana mpaka chai imepoa. Hajabadilika, na sioni kama atabadilika. Lakini ameniuliza ile akiba naiweka wapi, nikamwambia kwenye laini ya simu isiyo ya matumizi. Akasema wapangaji wake yeye wasisikie.

Kinachotuunganisha kwa sasa ni mtaro. Maji ya mvua yanayoteremka kilimani yamekwishakula ukingo wa barabara, yanaelekea kwenye msingi wa nyumba yake ya pili na choo changu. Jumamosi tunakwenda wote wawili kwa mtendaji, na Mzee amesema mimi ndiye niandike barua.